Mkasi wa Dhahabu Apunguzwa Kope

MJOMBA AMEFUMBA MACHO! Yote mawili! Mpaka mwisho! Jamani, nimeona mwenyewe, saa nane mchana, uani, kwenye kiti cha plastiki: mjomba amelala na kope zimekutana kama mlango na fremu yake. Nzi akatua shavuni, akatafuta pa kunywa, akakosa, akaondoka zake!

Nyumba nzima tulisimama kumtazama. Mke wake alishika mdomo. Binti yake alipiga picha kumi na nne. Mimi nilichukua video ya dakika tatu, na kwenye hiyo video hakuna kinachotokea hata kimoja, na ndiyo video tamu kuliko zote nilizo nazo.

Raha yetu hamtaielewa mpaka mjue alikuwa analalaje zamani. Miaka mitatu mjomba alilala macho nusu wazi. Unapita sebuleni kwa kunyata ukachukue rimoti, unaona weupe unakutazama. Unashtuka, unasema, "Shikamoo mjomba!" Yeye anakujibu kwa kukoroma.

Mjomba ni fundi cherehani. Lakini ukimwita fundi tu anaweza kununa hadi Ijumaa. Jina lake la kazi ni Mkasi wa Dhahabu. Alijipa mwenyewe, akajiandikia kibao mwenyewe, akakipigilia juu ya mlango mwenyewe, kisha akarudi nyuma hatua tano barabarani na kujipongeza mwenyewe.

Sasa huyu Mkasi wa Dhahabu kope zake za chini zilikuwa zimelegea. Sikilizeni, sisemi zimelegea kidogo! Zimelegea kama soksi iliyokatika mpira! Zilining'inia, zikageuka nje, ule wekundu wa ndani ukabaki hadharani kama bitana ya koti lililovaliwa kinyume. Na machozi yakawa yanatiririka kutwa, bila huzuni yoyote.

Wateja walikuwa wanapata tabu! Mtu anakuja kufuata koti lake, anamkuta fundi analowa.

"Pole sana fundi. Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyetoka. Vaa koti tulione."

"Jikaze. Haya mambo yapo."

"Nimekwambia hakuna! Inua mkono!"

"Lia tu, fundi. Ukizuia ni vibaya zaidi."

Na mjomba, ambaye kila siku anatuambia hajawahi kulia tangu azaliwe, kwamba hata siku ya kuzaliwa aliguna tu, anabaki amekumbatiwa katikati ya duka na baba mzima mwenye mkono mmoja wa koti.

Alikuwa anajifuta kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki. Anafuta kwa nguvu, kuelekea chini, kama anapiga pasi. Na kadiri anavyofuta ndivyo kope zinavyoshuka. Ukimwambia aende hospitali, anacheka.

"Mimi? Nipeleke kitambaa changu kwa fundi mwingine?"

Balaa likaanzia kwenye gauni.

Binti yake anaolewa. Na tangu binti huyo yuko darasa la pili mjomba anatangaza mtaa mzima kwamba gauni la harusi atalishona yeye, kwamba watu watalitazama gauni mpaka wasahau kumtazama bwana harusi. Satini nyeupe ikanunuliwa. Mjomba akaitandaza mezani, akachora kwa chaki ya bluu, akainama kukata.

Tone. Tone. Tone.

Chaki ya bluu ikakutana na machozi, na satini nyeupe ikawa na ramani ya nchi isiyojulikana.

Binti akaingia. Akatazama. "Baba, haya ni nini?"

"Maua."

"Baba."

"Ni mtindo mpya. Maua ya kuchorwa kwa mkono."

"Baba, hayo ni machozi yako. Na jana ulitoboa kidole mara tatu ukitafuta tundu la sindano. Mimi nimehesabu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumaanisha: "Harusi ni baada ya wiki sita. Macho yakitibiwa, gauni unashona wewe. Yasipotibiwa, naenda ng'ambo ya barabara."

Weee! Ng'ambo ya barabara!

Ng'ambo ya barabara kuna Mama Vifungo. Naye ni fundi, ana duka dogo lenye mitungi ya vifungo mpaka dari, na hana kibao chochote. Mjomba anamsema kila asubuhi wakati wa kufungua duka, kama mazoezi ya viungo. Eti Mama Vifungo anashona kama anafunga mzigo. Eti mshono wake hata mbuzi ataukataa.

Mjomba akakaa. Akafikiri. Halafu akasema neno ambalo tulipaswa kumkataza hapo hapo.

"Hili ni tatizo la kitambaa kulegea. Nitalimaliza mwenyewe."

Kesho yake alifungua duka akiwa na vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande wa uso, vimebana ngozi karibu na masikio ili kope zivutike juu. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja na sketi yake. Aliweka sketi chini taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani. Sketi ipo dukani hadi leo.

Siku ya pili vibanio viliacha alama. Siku ya tatu jicho la kulia likawa jekundu kama taa ya gari inayosimama, na mjomba akawa anapapasa pasi kwa mkono kujua iko wapi. Wiki tatu zikaisha hivyo! Gauni bado ni ramani!

Hapo mke wake hakubishana. Aliweka mkoba begani, akasema, "Vaa viatu." Tukaenda wote watatu, mimi nikiwa na simu yenye chaji asilimia mia, kwa sababu nilijua.

Na nilijua vizuri! Tulipofika mapokezi, mjomba aliomba kwenda msalani. Alipotoka, uso wake ulikuwa umechorwa. Kwa chaki! Mistari ya bluu chini ya macho, mishale miwili, vipimo kwa sentimita, na pembeni ya jicho la kushoto kaandika KATA HAPA.

Kwenye benchi la kusubiri, mtoto mmoja alimtazama, akahama kutoka paja la kulia la mama yake kwenda la kushoto.

Daktari wa macho alikuwa dada mdogo mdogo, mpole, ana taa kichwani. Akamtazama mjomba muda mrefu.

"Shikamoo mzee. Nani amekuchora?"

"Marahaba mwanangu. Nimejichora. Nimekupunguzia kazi. Wewe kata kwenye mstari, kunja, shona, tuondoke."

"Nesi, naomba pamba na maji."

"Usifute! Nimepima mara mbili!"

Ikafutwa. Daktari akavuta kope ya chini kidogo kwa kidole, akaachia. Mimi nilijaribu yangu baadaye kwenye kioo, inarudi fasta kama lastiki mpya. Ya mjomba ilibaki pale pale ilipoachwa, inatafakari.

"Unaona?" daktari akasema. "Kope imelegea na imegeuka nje. Machozi yana kitundu chake cha kuingilia, hapa kwenye kona ya karibu na pua. Kope isipoligusa jicho, hayafiki kwenye kitundu, yanamwagika. Halafu jicho lenyewe linakauka."

"Linakauka vipi na linalia?"

"Linalia kwa sababu linakauka. Na ukilala halifungi. Hiki kioo cha mbele cha jicho la kulia kimeshaanza kukwaruzika. Tukikiacha, kitaweka kovu. Likishakaa kovu, mzee, hutaiona sindano hata iwe kubwa kama mwiko."

Mjomba akaitazama mikono yake. Mke wake alimshika kiwiko, na yeye hakuuondoa mkono.

"Haya," akasema mwishowe, sauti ndogo. "Kuna njia gani?"

"Ziko kadhaa, inategemea kope yenyewe. Kuna watu ngozi yao imepungua, labda waliungua, kovu likavuta kope chini. Hao tunawatolea ngozi kidogo nyuma ya sikio, tunawaongezea."

"Kiraka!" mjomba akaruka. Nguvu zote zikarudi! "Mimi, Mkasi wa Dhahabu, nitembee na kiraka usoni? Rangi ikikataa kuendana je?"

"Wewe huhitaji. Ngozi yako haijapungua, imezidi."

"Ahaa. Endelea."

"Wengine tunakata kipande kidogo cha kope kama pembe tatu, tunaunganisha pande mbili."

"Hiyo tunafanya kwenye kiuno cha suruali. Ila ukikosea, mshono unaonekana katikati."

Daktari akatabasamu. "Ndiyo maana wewe sitakufanyia hiyo. Yako imelegea kwenye kona ya nje. Nitaifungua pale konani, nitaipunguza, nitaikaza kwenye ukingo wa mfupa. Na kwa ndani, huku karibu na pua, nitatoa kipande kidogo sana na kuweka mshono wa kuigeuza irudi kugusa jicho."

Mjomba akafumba jicho moja, yaani alijaribu. "Kwa hiyo unafungua mshono wa pembeni, unapunguza, unarudisha. Halafu bitana unaivuta ndani ili upindo usigeuke."

"Mzee, ndiyo hivyo hasa."

"Nilijua!" Akatugeukia. "Mnaona? Kazi ni yangu, yeye ananisaidia tu mikono!"

Upasuaji ulikuwa Jumanne. Ni wa ganzi tu, mtu anabaki macho, na hilo ndilo lilikuwa kosa la hospitali nzima. Nesi alitusimulia huku ameegemea ukuta kwa kucheka. Eti sindano ya ganzi imeingia, daktari kashika mkasi, mjomba kaanza:

"Huo uzi namba ngapi?"

"Mwembamba kuliko unywele, mzee. Tulia."

"Utakatika. Weka mbili."

"Hautakatika."

"Mwisho wa mshono rudisha nyuma mara tatu. Vijana wa siku hizi hamrudishi, ndiyo maana mambo yanafumuka."

"Mzee, ukiongea kope inacheza. Kope ikicheza nitaishona kwenye nyusi."

Eti kimya kilikaa dakika arobaini.

Akatoka na macho yamevimba kama mandazi mawili, na bendeji, na dawa ya kupaka, na masharti. Daktari alimwambia, sisi wote tupo, mimi na mke wake tukamfanya arudie neno kwa neno: usifute kuelekea chini, ukifuta futa taratibu kuelekea juu na puani. Usiiname. Usiguse nyuzi. Nyuzi zitatolewa na mimi, baada ya siku kumi. Na mimi. Siku kumi.

"Nimeelewa," mjomba akasema. "Sina utoto."

Na kwa kweli siku nne alikuwa malaika. Uvimbe ukashuka, kope zikasimama wima kama askari wa gwaride, machozi yakakata. Binti akafurahi. Satini nyingine ikanunuliwa. Harusi ilikuwa bado siku kumi na moja, na mjomba alikwisha kuanza kunoa mkasi na kumtazama Mama Vifungo kupitia dirishani kwa dharau ya hali ya juu.

Siku ya tano akajitazama kwenye kioo kirefu cha dukani.

Sasa, sijui kama mnawajua mafundi cherehani. Fundi cherehani anaweza kuvumilia njaa, deni, hata mvua ndani ya duka. Kitu kimoja hawezi. Hawezi kuona uzi unaning'inia kwenye kazi iliyokwisha! Ni ugonjwa. Nimewahi kumwona mjomba akimfuata mtu asiyemjua barabarani, mita mia mbili, ili amkate uzi kwenye kola.

Na kwenye kona ya jicho lake la kulia, palikuwa na ncha ya uzi. Nyeusi. Ndogo kama mguu wa sisimizi.

Akaitazama. Nayo, naapa, ilikuwa kama inamtazama.

"Huyu binti hakumalizia," akasema.

"Mjomba, usiguse," nikasema mimi.

"Sigusi. Nanyoosha tu."

"Mjomba!"

Alishika ncha kwa kucha mbili, akavuta kidogo aone kama itakatika. Haikukatika! Uzi ulikuwa imara kabisa, kama alivyoahidi daktari. Kilichokuja ni uzi wote, na fundo lake, na ukelele ambao Mama Vifungo aliusikia ng'ambo, akavuka barabara na sindano mdomoni.

Mama Vifungo ndiye aliyembana kitambaa safi kwenye kona ya jicho. Ndiye aliyesimamisha gari. Mjomba alikaa kiti cha nyuma, jicho moja wazi, akimtazama kwa hasira kwa sababu kitambaa alikibana vizuri.

Daktari alipotuona hakusema shikamoo.

"Umevuta."

"Umefumuka."

"Mzee, umevuta."

"...Ulikuwa unaning'inia," mjomba akasema, na nilimwonea huruma, maana alisema kama mtoto wa chekechea.

Bahati yake mshono wa ndani, ule wa kwenye mfupa, ulikuwa umeshika. Akashonwa upya kona ya nje. Daktari alipomaliza alikata ncha fupi, akamwonyesha kwenye kioo kwamba hakuna kinachoning'inia, kisha akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: WIKI MBILI. HAKUNA CHEREHANI. HAKUNA KUINAMA. HAKUNA KUNYOOSHA.

Wiki mbili. Harusi siku kumi. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza, na mimi hesabu tuna ugomvi wa muda mrefu.

Jioni binti alikunja satini mezani, polepole. "Baba, usihuzunike."

"Sijahuzunika. Peleka." Akageukia ukutani. "Mwambie mabega ayaache sentimita moja zaidi. Hatasikia, lakini mwambie."

Gauni likavuka barabara.

Na siku ya nne baada ya hapo ndipo alipolala kwenye kiti cha plastiki, macho yamefumbwa mpaka mwisho, tukasimama wote kumtazama. Kioo cha jicho kinapona, daktari alithibitisha, hakuna kovu. Ataona sindano mpaka uzeeni. Mke wake alikwenda jikoni, akakaa huko kidogo, akarudi amenawa uso.

Kama mjomba angekuwa mtu wa kawaida, hadithi ingeishia hapo. Lakini alipoamka alisema, "Sasa naona vizuri. Nakwenda kukagua."

Akachukua ile lenzi yake ya kukuzia. Akavuka barabara, shingo imenyooka kwa sababu haruhusiwi kuinama. Mimi na binti nyuma yake.

Gauni lilikuwa limetundikwa katikati ya duka la Mama Vifungo. Mjomba alianza shingoni. Akaja mabegani. Sentimita moja imeachwa. Akashuka kiunoni, akazunguka nyuma, na pindo akaomba anyanyuliwe kwa kuwa hawezi kuinama. Nusu saa nzima!

"Unaona nini, jirani?" Mama Vifungo akauliza.

Mjomba akashusha lenzi. Akatafuta ukutani, darini, kwenye mitungi ya vifungo, popote pasipo na gauni. Ndipo macho yake mapya yakatua kwenye rafu ya chini. Suruali. Rundo la suruali, limepangwa mpaka kwenye goti.

"Hizi..." Akasogea. "Huu si mshono wangu?"

"Ni wako."

"Zinafanya nini hapa?"

"Za wiki hii," Mama Vifungo akasema, akiendelea kupanga vifungo. "Mguu mmoja mrefu. Zipu imekaa upande. Ile ya kijivu ina mifuko miwili, yote ya kushoto. Miaka mitatu sasa, jirani. Mtu anatoka kwako, anazunguka duka la dawa, anaingia kwangu mlango wa nyuma."

"Kwa nini hawakuniambia mimi?"

"Wangekuambiaje? Kila wakija wanakukuta unalia!"

Binti aliingia nyuma ya gauni lake mwenyewe. Lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

Harusi ilipita, gauni lilitazamwa, bwana harusi akasahaulika kidogo. Wiki mbili zikaisha. Jumatatu mjomba akafungua duka, macho makavu, meupe, yamekaa mahali pake, na nje tayari kuna foleni mpaka kwenye kona!

"Mpwa wangu, unaona?" Akavuta kola. "Habari za Mkasi wa Dhahabu zimefika mbali. Fungua milango yote miwili."

Nikafungua. Mtu wa kwanza alimwangalia machoni vizuri, la kulia, kisha la kushoto, ahakikishe hakuna hata tone.

"Hongera sana fundi, umepona," akasema, na akatandaza suruali mezani. "Sasa niangalizie huu mguu."

Nyuma yake wote walikuwa wamebeba mifuko ya nguo.

Kama kuna mtu mnayemjua ambaye kope zake za chini zimelegea, mwambieni amwone daktari wa macho mapema, na mtumieni hadithi hii aisome akiwa anasubiri kwenye benchi. Sambazeni, tafadhali.